Wimbo Nilioukuta kwenye Kitambaa cha Kuipulia Sufuria

Kwanza niitikieni. Mie nikisema "haya!" nyie mnasema "haya!", la sivyo mdomo haufunguki. Miaka yote nimezoea kuitikiwa, siwezi kuanza kuongea peke yangu kama redio. Haya! ... Nimewasikia, hata yule wa nyuma anayetafuna muhogo.

Naongea mie, anaandika mjukuu wangu Rehema. Kalamu mie nikiishika naiona kama kambare, inanikimbia. Shule niliiona kwa nje, ilikuwa na mlango mzuri.

Sasa, juzi wamekuja hapa vijana wa singeli, hapahapa Tandika. Wamesimama mlangoni wamevua kofia, adabu tupu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu. Mmekula?"

"Tumekula. Bibi, tuna ishu. Tuna biti kali, ila maneno hayaji."

"Mmeyatafuta wapi?"

"Tumekaa tu ndani, tumelala chali tunawaza."

"Huko juu mmeona nini?"

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Dari, bibi. Na mjusi."

"Basi imbeni mjusi!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wanajua bibi huyu ana utani. Lakini siku ile mie nilikuwa sitanii hata kidogo, na ndiyo maana nimemwambia Rehema akae chini aandike.

Kazi yangu ilikuwa kutunga nyimbo za harusi. Wale wanaopika wana sifa zao, na wanaopamba ukumbi wana zao. Mie nilikuwa naitwa kutunga maneno na kuyaimba, kina mama wanaitikia na ngoma mbili na debe. Nimeimba Temeke yote, nikaenda mpaka Kinondoni kwa wenye mageti. Nimeimba Kimbiji, barabara ya wakati ule ilikuwa mbovu hivi: niliondoka na wimbo wa beti sita nikafika na beti nne, mbili zilidondoka kwenye mashimo. Sauti nilikuwa nayo. Nikiipandisha ile ya juu, kuku wa Mbagala walikuwa wanaahirisha kutaga. Rehema anacheka. Andika hivyohivyo.

Leo sauti imeondoka, na meno yameifuata kuangalia imekwenda wapi. Lakini maneno bado yapo, kwa sababu maneno sikuyaweka mdomoni.

Aliyenifundisha ni Bi Chiku. Mungu amlaze pema, sijaona mtu kama yule na sitamwona tena. Alikuwa anauza mihogo ya kukaanga pale njia panda, mwanamke mpana, akikaa kwenye kigoda kigoda chenyewe hukioni, unadhani amekaa hewani. Akiwa anageuza muhogo na mwiko, anatunga. Anapita mtu na viatu vipya vinamuuma, Bi Chiku kashamtolea ubeti kabla hajafika kona. Na mwenye viatu anarudi! Anarudi aimbiwe tena, ananunua na muhogo. Mie nilikuwa binti mdogo, nimekaa pale nimeachama mdomo, nzi wanaingia na kutoka wanavyotaka.

Siku moja nikamwuliza, "Mama, haya maneno unayaotaga?"

Akasema, "Nikilala mie nakoroma, saa ngapi nitaota? Nayaokota. Yamelala njiani, watu wanayakanyaga."

Basi akaanza kwenda na mie kwenye kazi. Somo lake la kwanza mpaka leo naliweka mbele ya masomo yote. Alisema, "Ukifika nyumba ya watu, usikae sebuleni. Sebule imeogeshwa kwa ajili yako, haiwezi kukuambia kitu. Nenda uani." Na uani hatukuwa tunakwenda mikono mitupu. Bi Chiku alikuwa anatembea na kisu chake kidogo kwenye mkoba. Anafika, anasalimia, anauliza, "Vitunguu viko wapi?" Anavuta kigoda, anakata. Mtu anayekata vitunguu hafukuzwi, na wala hakuna anayemwonea haya. Wanawake wataongea mbele yake kama hayupo. Na akilia hakuna anayeuliza analia nini! Mpaka kapu la vitunguu liishe, Bi Chiku kashajua bibi harusi alichelewa kutembea, alikuwa anaiba sukari, na aliwahi kumkimbiza mwizi na upawa.

Sebuleni wangemwambia nini? "Bibi harusi ni mzuri na ana tabia njema." Haya, imba hiyo tuone.

Mie niliidharau hiyo habari ya vitunguu, si ujana. Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa Kipawa, kule karibu na uwanja wa ndege. Nikasema mie najua, nina sauti, vitunguu vya nini? Nikafika, nikakaa kwenye kochi, nikanywa soda yangu. Ngoma ikalia, nikatoa wimbo: bibi harusi uso wa mwezi, macho ya nyota, shingo ya twiga. Sasa yule dada, mzuri kweli, sina neno, lakini shingo Mungu hakumpa. Kichwa kilikaa juu ya mabega moja kwa moja, raha mustarehe. Nikaimba "shingo ya twiga", mama mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Huyo twiga kaoa nani, kobe?"

Weee! Watu walicheka, ndege ikapita juu haikusikika. Bibi harusi mwenyewe akacheka mpaka wanja ukamshuka. Mie nilirudi nyumbani nimefunika uso na khanga, nikamkuta Bi Chiku kashapata habari. Hakunigombeza. Alinipa kisu.

Nyie wa siku hizi mnaita inspiresheni. Sie tulikuwa tunaita kisu na vitunguu.

La pili, kuhifadhi. Nyie mna simu. Mie nilikuwa nafunga mafundo kwenye pindo la khanga. Neno nikiliokota, fundo. Fundo dogo ubeti, fundo kubwa kiitikio, na lile la kubana sana ndilo la kuliza watu. Natembea nayapapasa na vidole, wimbo wote naujua. Marehemu mume wangu, mtu mwema sana ila alikuwa na haraka, siku moja kaikuta khanga kwenye kamba ina mafundo matupu. Akajua mke wake anaficha akiba! Akakaa anafungua, jasho linamtoka, moja baada ya jingine, hola. Narudi namkuta amekaa na khanga iliyonyooka kama imepigwa pasi.

"Mama, mbona umefunga hewa?"

"Baba, umefungulia harusi ya watu ya kesho!"

Ikabidi aniitikie kibwagizo mpaka nikaupata upya. Sauti yake ilikuwa kama mlango wa kabati, lakini alikaa akaitikia. Huyo ndiye mume.

Sasa niwape ile ya Asha, halafu niwaache mkafanye kazi.

Ilikuwa hapahapa Tandika, nyumba ya Mzee Omari, watu wa Lindi. Asha ndiye binti anayeolewa. Mama yake mzazi alifariki Asha akiwa ndiyo kwanza anaanza darasa la kwanza. Baba akaoa mke mwingine, Bi Somoe, na huyo Bi Somoe ndiye aliyemlea. Wanawake wa aina ya Bi Somoe mmewaona: sherehe nzima huwaoni, lakini bila wao hamli.

Aliyeniita kutunga si Bi Somoe. Ni shangazi mtu, Bi Hadija, dada yake Mzee Omari. Bi Hadija alikuwa mwanamke wa kishindo, dhahabu mkono mzima mpaka kwenye kiwiko, akikupungia mkono unafumba macho. Akanikalisha sebuleni, akanipa maagizo.

"Bi Sauda, wimbo wa mama ndio ninaoutaka."

Wimbo wa mama kwetu sie ni jambo zito. Katikati ya uwanja kinawekwa kiti. Mama wa bibi harusi anakalishwa pale, anafunikwa khanga mpya doti nzima, watu wanamzunguka wanamwimbia na kumtunza. Ukikaa kwenye kile kiti, mtaa mzima umekuandika: huyu ndiye mama. Na usipokaa, pia mtaa umekuandika.

Nikauliza, "Atakaa Bi Somoe?"

Bi Hadija akashusha kikombe. "Somoe ni mke wa kaka yangu. Mama wa Asha ni wifi yangu, yuko kaburini. Kiti nitakaa mie kwa niaba yake, na utamwimba yeye. Somoe yuko jikoni, na kuna kazi kweli huko, nani atashika jiko?"

Msimwone mbaya. Alimpenda wifi yake mpaka basi. Miaka yote ile alikuwa anaogopa kitu kimoja tu, yule wifi asije akasahaulika kama vile hakuwahi kupita duniani. Mie nilimwelewa. Ila nikaona Bi Somoe anafukuzwa kwa Asha hadharani, na mwenye kupiga ngoma ya kumfukuzia ni mie.

Nikasema, "Haya, nipe habari za marehemu, nipate maneno."

"Alikuwa mwema."

"Ehe."

"Mcheshi. Ana huruma. Anapenda watu."

Jamani. Kuna maiti aliyekuwa anachukia watu? Wote wakishazikwa ni wema! Nilikaa pale na khanga yangu haina hata fundo. Kila nikimchimba Bi Hadija anatoa machozi, maneno hatoi. Nikaona hapa nitaimba twiga tena. Nikasema dada yangu, samahani, vitunguu viko wapi?

Uani nikamkuta Bi Somoe mwenyewe na masufuria matatu, moja unaweza kuogeshea ng'ombe. Moshi umemzunguka. Nikamsalimia, nikavuta kigoda, nikatoa kisu. Nikakata. Nikakata. Mwanamke haongei! Nimekata vitunguu vya kutosha kuliza wilaya nzima, nimepata "ehe" moja na "naam" moja. Nikasema leo Bi Chiku kanidanganya.

Ndipo akaipua sufuria. Alishika kitambaa cha buluu, kimekunjwa mara nne, kimeungua pembeni. Akakitupa karibu na mguu wangu akaanza kukoroga. Mie kwa kuwa sina la kufanya nikakiokota. Nikakikunjua, naona si kitambaa, ni sketi. Sketi ya shule, marinda yanaonekana, kiuno kina lastiki. Na chini, mistari. Mstari, halafu mstari, halafu mstari, inapanda kama ngazi, kila mmoja una matundu ya sindano na vipande vya uzi. Huu uzi wa buluu, huu mweusi, huu mwekundu.

"Bi Somoe, hii nini?"

Akaangalia kidogo. "Aa, hiyo? Sketi ya Asha ya shule. Imebaki kuipulia."

"Na hii mistari?"

"Nilikuwa nashusha upindo. Kila mwaka akirefuka, nafumua, nashusha, nashona tena. Mwaka ule wa uzi mwekundu, uzi wa buluu ulikuwa umeniishia, Asha alinilia siku nzima, wenzake watamcheka." Akatabasamu, mara ya kwanza. "Nikaupaka wino."

"Upindo gani huo usioisha?"

Hapo akaacha kukoroga.

"Si mie niliyeuweka. Mama yake aliishona mwenyewe, anaumwa, amekaa kitandani anashona. Mie nilipokuja hapa niliikuta kwenye sanduku. Nikaona mtoto wa darasa la kwanza, upindo umekunjwa ndani mara tatu, unafika mpaka karibu na kiuno. Nikasema huyu fundi gani? Halafu nikaelewa." Akafuta jicho na mkono, akasema moshi. "Alimwekea sketi ya kukulia. Alijua hatakuwepo wa kushona nyingine. Basi mie nikawa nashusha tu. Ilipofika mwisho, Asha yuko darasa la sita, upindo umeisha, nililia siku ile kama mwenyewe amekufa tena. Sikuweza kuitupa."

Enhee. Mie kwenye kazi hii nimesikia mengi, lakini pale nilikaa na kisu hewani. Mtu hakuwahi kumwona mwenzake hata siku moja, lakini walishona nguo moja miaka yote hiyo, mmoja anakunja, mwingine anakunjua. Na hakumwambia mtu! Angemwambia nani, nani alikuja jikoni kumwuliza?

Nikafunga fundo. Likabana mpaka kidole kikauma.

Saa kumi ngoma ikaanza. Kiti kikawekwa, Bi Hadija akakaa, kang'aa kama duka. Khanga wakamfunika mabegani. Asha yuko ndani kwenye chumba cha mwali, dirisha liko wazi. Bi Somoe jikoni. Mie napapasa pindo langu, moyo unapiga kuliko debe. Maana mkumbuke, nimeagizwa marehemu, na nyumba hii mwenye sauti ni huyu hapa kwenye kiti. Nikikosea, nimeharibu siku ya mtoto wa watu, na mama mmoja au mwingine ametukanwa mbele ya Tandika nzima.

Nikaanza na marehemu, kama nilivyoagizwa:

*Aliyekunja upindo,*
*alijua utakua;*
*akakuachia pendo,*
*Mola akamchukua.*

Kina mama wakaitikia lakini wanatazamana, upindo gani? Ikabidi nisimamishe ngoma nieleze, kitu ambacho Bi Chiku alikuwa hakitaki kabisa. Nikasema, jamani, marehemu alishona sketi. Nikawaeleza alivyokaa kitandani anaumwa, anakunja upindo mara tatu. Bi Hadija kwenye kiti akaweka mkono mdomoni. Akasema, "Kweli! Ile ya buluu! Nilimshikia taa mie mwenyewe atunge uzi. Nilimwambia wifi, mbona unakunja hivyo, hakunijibu." Akaanza kulia, kilio cha mtu aliyerudishiwa kitu chake. Wifi yake amefika uwanjani, si mwema wala mcheshi, ni mwenyewe kabisa, na sindano mkononi.

Ngoma ikarudi. Nikatoa lile fundo lililonibana kidole:

*Aliyeshusha upindo,*
*kila ulipochipua,*
*kwa sindano na vitendo,*
*yu jikoni apakua.*

Na kiitikio:

*Sketi moja, mama wawili,*
*nani kati yao si mama?*

Mara ya kwanza waliitikia wachache. Ya pili, wengi. Ya tatu ikasikika sauti kutoka dirishani, Asha anaitikia huko ndani, mwali ambaye haruhusiwi hata kukohoa! Anaitikia na kwikwi juu. Hapo hata mpiga debe aliharibu, alikuwa anapiga na kujifuta kamasi kwa mkono huohuo.

Mie macho yangu yako kwa Bi Hadija. Amekaa. Amekaa. Nikasema leo nalala polisi. Akainuka, khanga zikamdondoka, akakata uwanja na dhahabu zake zinalia, moja kwa moja mpaka uani. Tukasikia sauti tu:

"We Somoe! Toka huko!"

"Wifi, wali uko kwenye..."

"Toka nimesema! Njoo ukae kwenye kiti chako. Kile kibovu, mie kinanichoma mgongo."

Akamleta anamvuta mkono. Bi Somoe na gauni la jikoni, jivu mpaka kwenye nyusi, miguu peku, na ile sketi bado ameishika, hakuwa na nafasi hata ya kuiweka. Akakalishwa. Bi Hadija akaokota khanga chini akamfunika mwenyewe. Halafu akachukua ile sketi mkononi mwa Bi Somoe, akaikung'uta jivu, akamtandikia magotini, mistari yote juu, watu waione. Akapiga magoti pembeni ya kiti, na ule mwili wake, akaanza kuisoma kwa kidole, mstari baada ya mstari. "Huu mwaka gani? Na huu?" Na Bi Somoe, asiyeongea, akawa anamjibu.

Vijana wangu, nimeimba harusi nyingi kuliko nywele za Rehema, na Rehema kasuka. Sijawahi kuwa na wimbo kama ule, na sikuutunga mie. Waliutunga wale wawili, mmoja akiwa anaumwa na mwingine akiwa na sindano mbele ya kibatari. Mie nilikuwa mtu wa kukata vitunguu aliyeokota kitambaa.

Kwa hiyo msiniulize tena maneno nayatoa wapi. Inukeni hapo kwenye godoro, mwacheni mjusi na maisha yake. Nendeni uani kwa mama zenu, vuteni kigoda, shikeni kisu, na muulize kila kitu kilichochakaa kilikuwa nani zamani.

Ila nawapa angalizo moja la kikazi, ambalo Bi Chiku hakunipa. Mkimwita mpishi aje akae kwenye kiti, wekeni mtu aangalie jiko. Siku ile hakubaki hata mmoja uani. Pilau la Asha liliungua sufuria zote tatu, likawa jeusi kama ubao wa shule, na sikumsikia mtu hata mmoja akilalamika. Tuligombania ukoko.